Bei ya Risper

Idara ya maji ilitaka kupimiwa njia ya mabomba kule Lindi, na kama kawaida yake ikawaandikia wapima ardhi watatu tu, wale iliokwisha kuwaidhinisha. Risper alikuwa mmoja wao. Githinji, naye mmoja wa hao watatu, akaja mbio hadi ofisini kwake, juu ya duka la mabati pale Kawangware 56, akaketi bila kukaribishwa.

"Hii kazi ni yangu," alisema. "Yule wa tatu nimeshaongea naye. Wewe pia weka bei ya juu, mimi nipite. Ijayo ni yako."

"Hiyo ijayo uliniahidi mwaka jana. Na mwaka juzi."

"Ngoja kidogo tu, mama."

Kungoja! Risper alimmiminia chai taratibu, asije akammwagia.

"Umechelewa, Bwana Githinji. Bahasha yangu iko kwenye sanduku la idara tangu asubuhi."

Githinji hakukigusa kikombe. "Uliandika bei gani?"

"Ya mtu anayetaka kazi."