Waya wa Oveni na Dakika Hamsini

Mpishi wa hosteli ya wanafunzi hakumung'unya maneno. "Mama Mikate, Jumatatu mikate yako ni mito, Jumanne ni matofali. Nakupa wiki mbili. Isipolingana, natafuta mwingine."

Hosteli inachukua nusu ya mikate yetu. Bila hiyo, nafunga duka.

Binti yangu anasoma takwimu chuo kikuu. Alifungua kompyuta yake juu ya meza ya kukandia, nikamfukuza hadi kwenye kiti cha pembeni. Akaingiza vitu vinne: joto la oveni, maji, hamira, na muda wa kuumua unga. Programu yake inavichezesha vyote mara maelfu, kisha inasema kila kimoja kinachangia kiasi gani kuifanya mikate isifanane.

"Ni oveni, Mama," akatangaza. "Asilimia themanini. Mwite fundi aing'oe."

"Oveni hiyo ilikuwepo kabla yako na ina adabu kukuzidi. Uliiambia nini hiyo kompyuta?"

"Kwamba joto linaweza kuwa popote kati ya mia moja na mia tatu, namba zote sawasawa. Si ndivyo ilivyoandikwa kwenye swichi?"

Nilicheka hadi nikashika meza. "Hebu njoo."

Swichi ile nimeifunga kwa waya kwenye mia mbili na ishirini tangu yeye akiwa chekechea, maana ilikuwa imelegea. Mia tatu inaisikia tu.

Akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Basi nimeisingizia! Ukikiruhusu kitu kitangetange ndani ya kompyuta, lazima kionekane mkorofi, hata kama dukani kimetulia tuli."

"Kusoma kote huko, hukuona waya."

"Sawa, nimekoma. Na muda wa kuumua? Uliniambia hamsini, nikaandika hamsini, kuzidi au kupungua dakika mbili."

"Hamsini," nikasema, nikijishughulisha na masinia.

"Mama."

"Nini?"

"Safari hii napima mwenyewe."

Siku sita alikaa pale na kipimajoto, saa na daftari, kama askari. Oveni ilicheza nyuzi nne tu. Maji na hamira havikuwa na neno. Kisha akanisomea dakika.

"Arobaini na tisa. Hamsini na moja. Tisini na tatu, hapo mama mdogo alipiga simu. Tisini na sita, hapo ukampigia wewe."

"Alikuwa hajamaliza kunieleza habari za harusi."

"Oveni sasa ni asilimia tano. Muda wa kuumua, themanini na saba. Yaani wewe na mama mdogo."

Nyani haoni kundule.

Tukanunua saa ya kengele. Unga ukishaanza kuumuka, simu yangu inaingia kwenye kopo tupu la hamira, kifuniko juu.

Wiki mbili zilipotimia mpishi alikuja mwenyewe. Akabonyeza mikate kwa kidole gumba, mmoja mmoja, sinia hadi sinia.

"Mmebadilisha oveni?"

"Hapana," binti yangu akadakia. "Tumemfanyia Mama matengenezo."

Mpishi akacheka. "Kesho mia mbili, kama kawaida."

Kopo likaanza kulia. Mdogo wangu huyo. Nikaliacha lilie; zilikuwa zimebaki dakika kumi na mbili.