Kila Kitu kwa Zamu Yake

Siku Mwalimu aliporudi kutoka kuzunguka dunia, mkewe hakumtazama yeye kwanza. Alitazama nyuma yake, kwenye mlango wa vioo wa uwanja wa ndege, kana kwamba kuna mtu mwingine bado anahangaika na mizigo. Mlango ukajifunga. Ndipo akamshika mkono, akamwambia amekonda, na kwamba lile koti sasa litabidi lipunguzwe mabegani.

Mtaani walimwita Ramani. Alikuwa amefundisha jiografia miaka thelathini na mmoja, na utani wa majirani ulikuwa kwamba anaweza kukuonyesha chimbuko la mto wowote duniani, lakini mkewe akimtuma chumvi anarudi na sukari. Alipostaafu alitangaza kwamba anakwenda kuihakiki dunia, aone kama vitabu havikumdanganya. Watu walicheka. Mkewe, ambaye alikuwa fundi cherehani, hakucheka wala hakumzuia. Alimshonea koti zito, akamfungia sanduku. Wote wawili walijua anakwenda kumtafuta nani, na hakuna aliyemtaja.

Alikuwa mtoto wao wa kwanza. Miaka kumi na minne nyuma, siku ya mahafali ya chuo, walikaa juani, mama na gauni jipya, kijana pembeni yao ndani ya suti iliyomchukua mama wiki mbili kuishona. Majina yakasomwa mpaka la mwisho, lake halikuwamo. Kumbe alishaacha masomo miaka miwili kabla, na kila asubuhi alikuwa akitoka nyumbani na vitabu kwapani akienda kusikojulikana. Waliporudi, mbele ya majirani waliokuja kupongeza, mama alisema: "Heri ningezaa jiwe. Jiwe angalau ningelikalia."

Kijana aliingia ndani akaivua ile suti. Kabla wiki haijaisha alikuwa ameondoka. Baadaye ikaja barua moja tu, kwa baba, shuleni, yenye muhuri wa bandari ya mbali. Baada ya hapo, kimya.

Mwalimu alianzia kwenye bandari hiyo. Pale wakamwelekeza kiwanda cha samaki katika nchi ya jirani. Kiwandani wakamwambia alishahama, jaribu kwenye mashamba ya zabibu. Akaenda hivyo, mji kwa mji, miezi minane, akavuka bahari mbili na jangwa moja, akalala kwenye mabenchi ya stesheni akiwa amekumbatia sanduku. Mji wa kumi ulikuwa wa baridi ya kupasua midomo. Alielekezwa chini ya hospitali kubwa, kwenye chumba cha kufulia mashuka. Mvuke ulikuwa mwingi hata miwani yake ikafunga ukungu, kwa hiyo alisikia kabla ya kuona.

"Baba, usikanyage hapo, panateleza."

Walikaa pamoja siku nne. Kijana hakuwa kijana tena, mvi zilishamwingia ubavuni mwa kichwa. Alikataa kupigwa picha, akisema mama akimwona, amwone mwenyewe, si karatasi. Siku ya kuagana alimshika baba yake kola, kama anayetaka kuirekebisha.

"Usimwambie kwa simu. Mwambie kwa mdomo wako, mmekabiliana. Mwambie jiwe lake limeviringika dunia nzima na halijavunjika. Akisema nirudi, nitarudi. Nasubiri neno lake."

Akamtajia namba ya simu. Mwalimu hakuiandika. Maisha yake yote hakuwahi kuandika kitu alichoweza kukibeba kichwani, na ndani ya ndege aliirudia namba ile kama mtoto anayekariri jedwali la tatu.

Basi akafika nyumbani, na nyumba ilikuwa imejaa. Wakwe, walimu wenzake wa zamani, wateja wa mkewe, kila mtu anataka kusikia. Akawasimulia theluji, akawasimulia treni inayolala watu kwa ghorofa. Angeweza kumvuta mkewe chumbani akamwambia kwa maneno matatu. Hakutaka. Somo likianzia katikati hupotea, ndivyo alivyoamini, na alitaka mkewe apite naye miji yote tisa, achoke naye, kisha waufungue pamoja ule mlango wa mvuke. Tena, na hili alikuja kulikiri baadaye peke yake, alikuwa akiionea raha ile siri.

Jioni ya pili, mkewe alikaa karibu yake akikunja nguo ambazo hazikuhitaji kukunjwa.

"Na kingine?" akauliza.

"Kila kitu kwa zamu yake," alisema Mwalimu, akatabasamu.

Asubuhi ya tatu, akiwa bafuni ananyoa ndevu, wembe ulimdondoka. Aliinama kuuokota na hakuinuka.

Kilikuwa kiharusi. Kilichukua mkono wa kulia, mguu nusu, na maneno yote isipokuwa moja. Akili haikuguswa. Alijua siku na saa, alijua jina la daktari, alijua miji kumi kwa mpangilio wake. Lakini akifungua kinywa hutoka "ndiyo". Chai? Ndiyo. Maji? Ndiyo. Unaumwa? Ndiyo, huku hana maumivu yoyote. Wakampa kalamu mkono wa kushoto aandike, ikatoka mistari ya kuku. Wakamletea kibao cha tarakimu aonyeshe kwa kidole, naye alipoikaribia tarakimu ya kwanza ya ile namba, zilizobaki zikatawanyika kama siafu waliomwagiwa majivu.

Alirudishwa nyumbani baada ya wiki tatu, akawekewa kitanda sebuleni, mkabala na cherehani. Mchana ule mkewe alifunga mlango, akavuta kigoda.

"Ulimwona?"

"Ndiyo."

"Yuko hai?"

"Ndiyo," alisema Mwalimu, na machozi yakamtoka kwa furaha kwamba safari hii neno limeangukia mahali pake.

Mkewe alisogeza kigoda karibu zaidi. Kisha, kwa sauti ndogo, akauliza, "Amekufa?"

Alilikaza taya. Alibana midomo. "Ndiyo," kilisema kinywa chake.

Binti yao, karani wa bohari, alimsihi mama yake asiendelee. Daktari alishawaonya kwamba ndiyo ya baba si ndiyo, hata akitikisa kichwa wasitegemee. Binti alikuwa amepekua simu ya baba yake, sanduku, mifuko ya koti, akapata tiketi na vipande vya sabuni ya hotelini. Lakini mama mtu hakuweza kuacha. Siku moja alikuja na wazo lake. Akauchukua mkono wa kushoto, ule mzima, akauweka ndani ya mikono yake miwili.

"Bana mara moja kama yuko hai. Mara mbili kama hayupo. Usiseme kitu."

Mwalimu alikusanya nguvu zote alizokuwa nazo. Alibana mara moja, barabara, na moyo ukamruka. Alitaka kuachia. Mkono haukusikia. Ukabana tena, na tena, wenyewe, kama mlango unaopigwa na upepo.

Mkewe alikuwa ameshahesabu. Baada ya mbano wa pili hakungoja zaidi, akauondoa mkono wake taratibu, akaulaza wa mumewe kifuani. "Haya," alisema. "Umeniambia."

Mwalimu alilia kwa sauti, kilio cha mtu mzima kisicho na maneno, na kilio hicho ndicho kilichomaliza shaka. Hata binti yake, aliyekuja mbio kutoka jikoni, alipomwona baba yake hivyo alikaa chini, akajifunika uso.

Watu walikuja kutoa pole. Wengi ni wale wale waliokuja kusikiliza habari za theluji. Viti vikapangwa hadi barazani. Kila aliyeingia alimwinamia Mwalimu na kumwambia ajikaze, na Mwalimu aliitikia ndiyo. Mkuu wa shule mstaafu alipoanza kusema maneno ya kumsifu marehemu, Mwalimu alirusha sinia la vikombe kwa mkono wake mzima. Vikavunjika. Wanawake wakafagia, wakanong'ona kwamba uchungu wa mwana haumchagui mgonjwa.

Mkewe alikuwa amekaa sakafuni katikati ya wenzake. Alisema ulimi hauna mfupa, lakini umemvunjia nyumba. "Nilimwita jiwe," aliwaambia. "Neno la mwisho alilolisikia kwangu. Ameondoka nalo."

Hatua nne zilikuwa kati yao. Jibu lilikuwa tayari, mtoto mwenyewe alilitunga, lilikuwa na utani wa mama na mwana ndani yake. Lilifika mpaka kooni. Mwalimu alimtazama mkewe, akasema ndiyo, na aliona jinsi lilivyomchoma.

Wiki iliyofuata mama alitoa kabatini nguo za mwanawe, akawagawia waliohitaji. Ile suti aliifumua mishono, akaitumia kitambaa. Miaka kumi na minne alikuwa akiamka alfajiri akikaa ukingoni mwa kitanda. Sasa alilala mpaka jua linachomoza. Majirani walisema uso wake umerudi. Mwalimu pia aliona.

Mtaalamu wa matamshi huja kila Jumanne na Ijumaa na kadi zake za picha. Kikombe, mlango, kiatu. Anasema huenda mwaka, huenda miwili, na huenda maneno yatakayorudi si yale mtu anayoyataka. Mwalimu amejichagulia la kwake, "hai". Ni fupi, halina hata silabi za kusumbua, alidhani lingekuwa jepesi. Kila mchana, cherehani ikianza, anauandaa mdomo, anavuta pumzi, anaisukuma.

Ijumaa iliyopita, katika kulitafuta hilo, likatoka "kiatu". Safi kabisa, kila herufi. Mkewe aliacha kushona, akapiga makofi, akamwita binti yao aje asikie. Kisha akapiga magoti kando ya kitanda, akavitafuta viatu vyake uvunguni, akamvisha, akamuuliza kama vinabana.