Pale Mama Alipovuta Pumzi

Wageni wanaokuja kuliona kanisa letu hupiga picha madirisha ya vioo vya rangi, hupapasa kuta nene, husoma bamba la shaba mlangoni, kisha huondoka kabla Misa haijaanza. Siwalaumu. Hata mimi Jumapili ile sikwenda kusali. Nilikwenda kumsikia mama yangu akivuta pumzi.

Nieleze vizuri. Mama alifariki, tukamzika, nami nikahamia upande wa pili wa mji kuchomelea mageti. Simu iliyokuwa na sauti yake ikaibiwa. Kwanza nilisahau alivyokuwa akicheka. Halafu siku moja kazini, nikiwa na miwani ya kuchomelea usoni, nikajaribu kumsikia akiniita nikale. Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikijifanya yake. Nikazima mashine, nikakaa chini.

Kilichobaki kilikuwa wimbo mmoja. Mama ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo katika kwaya ya kanisa hili, naye alikuwa na pumu. Katika wimbo wa Komunyo, kati ya “Nimefika mlangoni pako” na “nifungulie, Baba,” kifua kilikuwa kinamgomea. Alisimama, akavuta pumzi, akaendelea. Wanakwaya wakazoea kumngoja. Waumini nao wakazoea kuwangoja wanakwaya. Mwisho kanisa zima likawa linanyamaza pale, wakubwa kwa wadogo, kana kwamba ndivyo wimbo ulivyotungwa. Wala haukutungwa hivyo. Ilikuwa ni pumu ya mama yangu tu, na watu waliiimba kila Jumapili.

Kwenye ngazi nikamkuta mama mdogo, mdogo wake mama wa tumbo moja, akihangaika na vifungo vya joho la kwaya.

“Shikamoo, mama mdogo.”

“Marahaba. Makubwa haya! Leo dari litatuangukia. Umekuja kusali au kukagua geti?”

“Nimekuja kuusikia ule wimbo.”

Kicheko kikamkauka. Akakiacha kifungo kikining'inia.

“Ungekuja Jumapili iliyopita, baba. Tumepata mwalimu mpya wa kwaya. Anasema pale tunakosea. Wiki nzima ametunyoosha tupite moja kwa moja.”

“Na nyinyi mkakubali?”

“Tungefanyaje? Noti anazo yeye. Sisi tuna vifua tu.”

Damu ikanipanda. Hasira zangu ziko karibu. Hata kazini wananiita Cheche. Nikampita mama mdogo, nikaingia, nikamkuta mwalimu mpya kando ya kinanda akipanga karatasi. Alikuwa mtu mwembamba, shati limefungwa mpaka shingoni.

“Mwalimu, wimbo wa Komunyo uachwe ulivyo.”

Akanitazama kuanzia viatu. “Habari za asubuhi kwanza.”

“Nzuri. Uachwe.”

“Wewe unaimba sauti gani?”

“Siimbi.”

“Uko jumuiya gani?”

“Sina.”

“Basi, bwana mdogo, mpangaji aliyehama harudi kupanga viti.”

“Hiyo unayoifuta ni pumzi ya mama yangu!”

Akaziweka karatasi chini. “Pole,” akasema, na sauti yake haikuwa na kejeli. “Mimi sikumjua. Ila nikimwachia kila mtu kasoro ya mzazi wake, hapa tutaimba nyimbo mia kwa mpigo. Tafuta nafasi ukae.”

Kengele ikagongwa. Nikakaa benchi la nyuma, karibu na bwana mmoja mpana ambaye vidole vyake vilikuwa na grisi iliyoshindikana kwa sabuni. Aliposimama nilisimama, alipopiga magoti nilipiga magoti, kila mara nikichelewa kidogo. Sikusikia mahubiri. Nilikuwa nasubiri kama mtu anayesubiri mgonjwa atolewe chumba cha upasuaji.

Komunyo ikafika. Kinanda kikaanza, watu wakapanga foleni, wimbo ukapanda.

“Nimefika mlangoni pako…”

Wanakwaya wakapita moja kwa moja, kama walivyofundishwa. Mabenchi yakanyamaza, kama yalivyozoea. Kwa muda kwaya ikawa peke yake huko juu, kama watu walioanza safari wakasahau watoto nyumbani. Kisha mabenchi nayo yakaingia, yamechelewa, na maneno yakagongana kila pembe ya kanisa.

Mwalimu akatugeukia, akainua mikono yote miwili, akatuongoza kwa macho makali. Ubeti wa pili, mgongano uleule. Bibi mmoja mbele yangu akacheka kwa pua. Padri hakuinua macho kutoka kwenye kikombe, lakini mabega yalikuwa yanamtikisika.

Ubeti wa tatu, wanakwaya wakasalimu amri. Kanisa lote likanyamaza pamoja.

Nikafumba macho. Nikamtafuta. Nikasikia viatu vya watu wa foleni na njiwa juu ya dari. Nikamsikia yule bwana wa grisi akivuta hewa mpaka benchi likalia. Bibi wa mbele akavuta, na waliopakana naye wakavuta. Mama sikumsikia.

Misa ilipokwisha nikamfuata yule bwana mpaka nje.

“Kaka, ulimjua aliyekuwa akipumua pale?”

“Pale wapi?”

“Kwenye wimbo wa Komunyo.”

“Aa! Sisi tumehamia mtaa huu majuzi tu. Kwani wimbo si ndivyo ulivyo?” Akanipa mkono, akaondoka.

Ningefurahi, lakini wivu ulinibana. Mtu ambaye hakuwahi kumwona mama alikuwa na pumzi yake kifuani. Mimi mwanawe nilikuwa mikono mitupu.

Mwalimu akatoka akijifuta jasho, mama mdogo nyuma yake. Nikajiandaa kwa ugomvi.

“Wamenishinda,” akasema.

“Nilikwambia.”

“Hukuniambia kitu, ulinifokea. Sasa sikiliza. Pale nitapaacha. Lakini kila benchi linanyamaza kivyake, wengine nusura wasinzie. Kama tunamngoja mtu, tumngoje sawasawa. Alikuwa anachukua muda gani?”

Nikamtazama mama mdogo.

“Usinitazame mimi,” akasema. “Mimi nilikuwa nyuma yake, naangalia bega tu. Wewe ndiye uliyekulia chumba kimoja na kifua kile.”

“Sijui kuimba.”

“Sijakuuliza kama unajua,” mwalimu akasema, akainua mkono.

Watu walikuwa bado wamejaa kwenye ngazi. Ningeweza kuondoka, miguu ilikuwa imeshageuka. Nikaanza. Sauti ilitoka kama bati linaloburutwa sakafuni, na vichwa vikageuka, na mtu akasema, “Huyu naye!” Nikaendelea hivyohivyo mpaka “mlangoni pako,” nikafunga mdomo.

Kifua kikabana. Hewa ikakataa kuingia, kisha ikaingia nyembamba, ina mluzi ndani yake, mluzi ule uliokuwa ukinilaza utotoni. Mama mdogo akashika mdomo. Mkono wa mwalimu ulikuwa bado uko juu.

Neno linalofuata nililijua. Lakini ningelitamka, mama angeondoka. Wakaningoja.