Breki za Vitalis na Shikamoo ya Mama Mkwe

Vitalis alikuwa akiteremka kutoka Newala kwa pikipiki alipomwona mama mkwe wake akianika mihogo kando ya barabara. Akashika breki. Mpira wa breki, ule unaopitisha mafuta, ulivimba, ukafikiri kidogo, ukavimba tena, na pikipiki ikaendelea na safari. "Shikamoo, mama" aliisema akiwa mbele yake. "Marahaba" ilipotoka, yeye alikuwa ameshapita mikorosho ya jirani. Marahaba ikalazimika kumfuata kwa miguu. Ilimkuta kijijini Chiungutwa, imejaa vumbi, ikaomba maji ya kunywa, naye akaipa.

Mama Getrude hakutaka kusikia habari za mpira. Mkwe anayekupita kama basi, huyo ni mkwe gani? Jioni akamwita binti yake Getrude, mke wa Vitalis, arudi nyumbani mpaka mumewe ajifunze kusimama. Vitalis akabaki na mtoto wao, Agatha, na ugali alioupika mwenyewe, ambao hata kuku waliusogelea kwa tahadhari. Alimpenda mkewe, wala hakuona haya kulisema. Nyumba bila Getrude ilimshinda.

Akaenda Masasi kwa Awadhi, fundi wa pikipiki. Soko lilikuwa limeshafunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi, na bidhaa ambazo zamani mtu alizisikia kwa wasafiri tu sasa zilining'inia dukani. Awadhi alitandaza paipu mbili za breki juu ya gunia.

"Huu mpira ni mpole," alisema. "Ukishika breki, unavimba kwanza, kazi baadaye. Hii imesukwa kwa waya wa chuma, haivimbi. Lakini, Baba Agatha, hii inasimamisha."

"Ndicho ninachotaka."

"Inasimamisha," Awadhi alirudia, akachukua spana.

Vitalis alifika Newala siku ya kuuza korosho. Mama Getrude alikuwa kwenye mizani ya mnunuzi binafsi, Getrude kando yake, gunia limeshatundikwa. Vitalis akashika breki. Pikipiki ikasimama, na vitu vingine vyote vikasimama nayo. Kuku alibaki hewani. Mzee Ambrosi alibaki katikati ya kikohozi. Macho na maamkizi tu ndivyo vilivyoendelea, maana adabu haizuiliki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Baba Agatha. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Habari za mihogo?"

Yakafuata ya mvua, ya wagonjwa na ya wasafiri. Watu waliokuwa pale hawakuwa na pa kuangalia isipokuwa mbele yao, na mbele yao alikuwepo Cecil, karani wa mnunuzi, ameinua goti chini ya gunia la Mama Getrude, analibeba kidogo ili mizani isichoke. Walilitazama lile goti mpaka habari za wasafiri zikaisha.

Vitalis akaachia breki. Kuku akatua. Mzee Ambrosi akamalizia kukohoa.

"Goti lako," alisema Mama Getrude.

"Linanisumbua tangu msimu uanze, mama," alijibu Cecil. "Ahsante kwa kuuliza."

Hapakuwa na mnunuzi mwingine karibu. Gunia likaandikwa uzito ule lilioutaka goti. Getrude alisonya, akafunga kanga yake vizuri, akapanda nyuma ya mumewe, wakaenda zao nyumbani. Usiku huo Vitalis alikula ugali wa maana, akacheka peke yake kwa furaha.

Kesho yake mnunuzi alikuja kumwomba, kwa heshima zote, awe anapiga honi kabla ya kushika breki, kijana wake apate nafasi ya kushusha goti. Vitalis akaona ni ombi la kiungwana, maana kumfumania mtu si jambo zuri.

Ikawa hivyo. Honi ililia, goti likashuka, breki ikashikwa, maamkizi yakaenda hadi wasafiri, breki ikaachiwa, goti likapanda. Mama Getrude aliwaambia majirani kwamba Newala nzima haina mkwe mwenye adabu kama wake. Aliuza magunia yake yote msimu ule, akiwa ameamkiwa vizuri.