Vifaa vya Kuanzia

Mume wangu alikuwa mpima ardhi, na kila alipopata nafasi alipiga picha za nyota. Nilikuwa namtania kwamba nyota ndizo mke mkubwa, mimi nimeolewa juu yake. Wiki ile daktari alisoma vipimo vya moyo wake akatuambia twende tu nyumbani. Kwa hiyo aliponiambia twende dukani akanunue vifaa vipya, vyepesi, nilifurahi kupita kiasi. Mtu anayenunua kamera hana mpango wa kufa, nilijiambia.

Muuzaji, binti mchangamfu, alituletea darubini nene kama bomba la maji.

"Hiyo ya baadaye, mwanangu," mume wangu alisema. "Nipe kamera ya kawaida, lenzi pana inayoingiza mwanga mwingi, na stendi ya miguu mitatu isiyotikisika. Basi."

Akakaa kwenye kiti kuvuta pumzi, mimi nikageuzwa mtumishi.

"Mke wangu, shika hiyo. Inakuelemea?"

"Hainielemei."

"Haya, fumba macho, utafute kitufe cha kupigia. Gizani hutakiona."

Nikapapasa nikakipata, nikacheka. Nilidhani ananichezea tu, kama kawaida yake. Stendi ya kwanza ilimfaa yeye lakini mimi ilinipita kichwa, akaikataa. Ya pili ilikaa sawasawa na jicho langu, akaipenda.

"Utavunjika mgongo kwa kuinama, mzee wewe," nilimwambia.

Akacheka, pumzi ikamwishia. Muuzaji alisubiri mpaka akatulia.

"Baba, wewe inaonekana ni mjuzi. Hivi ni vya mtu anayeanza kabisa. Baada ya miezi michache utavichoka."

"Mimi sianzi," alisema. "Anayeanza ni mama huyu."

Nikamtazama. Yeye hakunitazama, alikuwa anakaza skrubu ya stendi, anailegeza, anaikaza tena.

Hasira zikanipanda. Nikamwambia sitaki, sijifunzi kitu, nyota zake abaki nazo mwenyewe. Nilisema kwa sauti hadi wateja wakageuka.

"Jifunze leo," alinijibu polepole. "Leo ukikosea, nipo wa kukurekebisha."

Nikapiga magoti pale pale dukani, mbele za watu, nikamwomba anionyeshe tena jinsi miguu ya stendi inavyofunguliwa. Akanionyesha mara tatu. Sikuona hata mara moja, kwa machozi.