Shemeji Chini ya Kifusi

Shujaa alirushwa nje ya dirisha la ghorofa ya juu kabisa, vioo vikimfuata, na kabla hajafika chini akatamka kitu kwa lugha ya filamu. Msusi, aliyekuwa akiwatafsiria watu filamu ukumbini, alikisikia vizuri. Alisogeza mdomo kwenye maiki akakitafsiri neno kwa neno, bila kuacha hata moja: kitu fulani kuhusu hoteli fulani na ubaya wa huduma zake. Ukumbi mzima ukamtazama shujaa akianguka. Hakuna aliyecheka.

"Hapo ametania," msusi alisema kwenye maiki.

"Ahsante kwa taarifa," mtu mmoja alijibu kutoka benchi la mbele, na huyo ndiye aliyewachekesha watu.

Mumewe alikuwa ameketi kando yake, mkono juu ya mashine ya sauti. Kazi yake siku hiyo ilikuwa moja tu. Shujaa akifungua kinywa, aishushe sauti ya filamu ili maneno ya mkewe yasikike. Milipuko ikianza, aipandishe mpaka mabenchi yatetemeke. Aliifanya bila hata kutazama vidole vyake. Lakini aliposikia "hapo ametania," alifumba macho kama mtu aliyeshikwa na jino.

Mtaani walimwita Redio. Kwa miaka mingi ni yeye aliyekuwa akitafsiri filamu za mashujaa wanaoruka, kila Jumamosi mchana, sauti zote peke yake: shujaa, adui, mama anayelia, hata mbwa. Ukweli ni kwamba lugha ya filamu Redio, tofauti na mkewe, aliielewa nusu tu. Nusu nyingine aliitunga, na watu walikuja kwa ajili ya hiyo nusu ya kutungwa. Shujaa huyu mwenye joho alimpa jina la Shemeji, kwa sababu, alisema, shemeji ndiye mtu pekee anayeweza kukutania huku anakupiga ukashindwa kununa. Adui naye, awe na pembe, awe na uso wa chuma, aliitwa Mwenye Nyumba. Hapo hapakuhitajika maelezo. Wapangaji walikuwa wengi ukumbini, na kila mmoja alijua ashangilie upande gani.

Sheria yake ilikuwa moja: utani uishe kabla ngumi haijatua.

"Utani ukichelewa ni chai ya jana," alipenda kusema. "Unaweza kuipasha moto, lakini mnywaji atajua tu."

Halafu koo lake likaota uvimbe. Daktari akaukata, akampiga marufuku kusema, kunong'ona na hata kucheka kwa sauti mpaka kidonda kikauke. Redio alitii. Msusi naye alivumilia, kwa kuwa ugonjwa haukosi mwisho. Majirani walimtuliza kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu; akaungojea huo mshindo huku akizungumza peke yake asubuhi na jioni, yeye anauliza, yeye anajibu.

Siku ya mwisho ya kliniki, daktari alimulika koo, akatabasamu. "Sasa sema, mzee wangu. Kidogo kidogo. Sauti haitakuwa ile ya zamani, sikudanganyi. Lakini ni sauti."

Redio aliitikia kwa kichwa, kwa adabu. Njia nzima ya kurudi nyumbani hakusema kitu. Jioni ile alijifungia bafuni, akafungulia bomba, na msusi, aliyekuwa akianua nguo uani, akamsikia akisema, "Haloo." Mara moja tu. Ilitoka sauti ya kijiko kinachokwangua ukoko wa sufuria. Bomba likafungwa. Tangu siku hiyo akawa bubu kwa hiari yake, na wageni wakija aliwaonyesha koo kwa kidole, kana kwamba marufuku ya daktari ingalipo.

Msusi alijaribu kila hila aliyoijua. Alimchokoza, alimsifia, alimnunia. Siku moja alimtilia chumvi kwenye chai badala ya sukari, akakaa mkabala naye akisubiri angalau tusi. Redio alikunywa chai yote, akainamisha kikombe kwenye sahani, akatoka. Siku hiyo msusi alilia mpaka mteja wake akamwuliza kama kuna msiba. Angemweleza nini? Kwamba anatamani kugombezwa? Nyumba ambayo mmoja tu ndiye anayegombana ina upweke mbaya.

Ndipo meneja wa ukumbi alipokuja. Filamu mpya ya Shemeji imefika, alisema, ile inayoendeleza ya kwanza. Matangazo yamebandikwa mtaa mzima, na kwa heshima amekuja kuomba ruhusa ya kumtafuta mtafsiri mwingine. Redio akatikisa kichwa: tafuta. Alikitikisa haraka mno, kwa unyonge, na msusi alipokiona kichwa kile kikienda juu na chini, hasira zikampanda.

"Nitatafsiri mimi."

"Wewe, mama?" meneja alishangaa. "Wewe si msusi?"

"Wateja wangu wanashinda wakicheka pale saluni. Unadhani wanachekeshwa na kitana?" Kisha akaongeza, bila kumtazama mumewe: "Ila mashine aendeshe yeye. Mimi mambo ya vitufe siyajui."

Uongo mtupu. Vitufe alivijua vyote. Alichotaka ni kumtoa mtu wake nyumbani na kumketisha karibu na maiki, amweke pale kama mtu anayemsogezea mgonjwa sahani, labda harufu itamtia hamu.

Sasa Shemeji alikuwa ametua salama juu ya gari la mtu, na mambo hayakuwa yakienda vizuri. Msusi alitafsiri utani wa pili. Mtu akapiga miayo. Wa tatu ulihusu mwimbaji ambaye hakuna aliyemjua ukumbini, na msusi alipoanza kueleza mwimbaji huyo ni nani, Shemeji alikuwa ameshapigwa ngumi nne. Watu wawili wa nyuma walisimama wakajipangusa suruali, tayari kuondoka.

"Shemeji leo anaumwa!" alipaza sauti yule wa benchi la mbele, muuza viatu mwenye bega pana na kofia ndefu. "Mpelekeni hospitali!"

Pale kwenye kioo cha filamu Shemeji aligeuka, akatazama moja kwa moja upande wa watu, akafungua kinywa. Msusi hakungoja kusikia alichokisema.

"Wewe mwenye kofia," Shemeji alisema kwa sauti ya msusi, "hebu ivue. Napigwa hapa kwa sababu simwoni Mwenye Nyumba."

Ukumbi ulilipuka. Muuza viatu alivua kofia, akaipakata, akacheka kuliko wote. Wale wawili waliosimama wakaketi. Msusi naye akajisikia yuko saluni, mbele ya kichwa cha mtu, na mdomo ukashika kazi yake. Mwenye Nyumba alileta jeshi la watu wa chuma. Shemeji akamkamata wa kwanza kwa zile nyaya zilizoning'inia kisogoni, akavuta.

"Tulia basi! Nani alikusuka hivi? Tulia, jikaze kisabuni, kila mtu hulia mwanzoni. Ukitoka hapa hata mama yako atakuuliza jina."

Kichwa cha chuma kikang'oka. Wanawake, ambao nusu yao walikuwa wamewahi kulizwa na mikono ile ile, walipigiana viganja.

Msusi alitupa jicho pembeni. Mabega ya Redio yalikuwa yakitikisika. Anacheka! Moyo ulimruka. Aliongeza kasi, akatania mlango, akatania helikopta, akalitania joho la Shemeji kwamba ni pazia la sebuleni lililoibwa. Watu walishika mbavu. Alijisahau kabisa, na kwa muda alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu koo la mumewe lilipokatwa.

Alipotazama tena, mabega yalikuwa yametulia. Redio alikuwa akiwatazama watu. Alitazama benchi moja baada ya jingine, nyuso zile zile zilizokuwa zikichekeshwa na yeye kwa miaka mingi, na zote zilikuwa zinacheka vizuri tu bila yeye. Akaondoa mkono kwenye mashine, akaupangusa kwenye goti taratibu, kama mfanyakazi anayemaliza zamu.

Msusi akaelewa alichokifanya. Alimleta hapa ili aamke, na sasa alikuwa anamzika, tena kwa shangwe.

Kwenye kioo ukuta mzima ulimwangukia Shemeji. Vumbi lilipotulia kilibaki nje kichwa chake na mkono mmoja, damu puani, na Mwenye Nyumba akisimama juu ya kifusi na nyundo yake. Aliinama. Msusi alimtolea sauti nzito.

"Kabla sijakumaliza, una la kusema?"

Shemeji akatabasamu kwa meno mekundu. Midomo yake ikaanza kusogea. Msusi alikuwa na utani tayari, tena mzuri, ulikuwa umekaa ncha ya ulimi ukimuwasha. Alijua kabisa ukumbi ungelipuka kuliko mara zote.

Akaumeza.

Wanaomfahamu wanajua ni nini kumwomba mwanamke yule anyamaze, sembuse yeye kujinyamazisha. Alibana midomo, akashika ukingo wa meza. Midomo ya Shemeji ilisogea bila sauti. Ukumbi ulisubiri. Mtu akakohoa.

Redio aligonga meza kwa kidole: sema. Msusi hakusema. Akagonga tena, kwa nguvu zaidi, na kwenye kioo nyundo ikaanza kupanda. Redio akamgeukia kwa macho makali, macho ya fundi anayeona kazi inaharibika mbele yake, na msusi akayapokea macho hayo bila kupepesa. Alikuwa anaogopa. Utani huu ukifa, watu wataondoka, na mumewe atarudi nyumbani na kimya chake, na safari hii kitakuwa cha kudumu.

"Vipi tena?" mtu alinong'ona nyuma.

Nyundo ilifika juu kabisa. Redio alivuta maiki.

"Ninalo," alisema.

Ilikuwa sauti mbovu. Ilikwaruza kwenye spika kama meza inayoburutwa, na muuza viatu akageuka mzima mzima kutazama imetoka wapi. Redio alimwona akigeuka. Msusi akadhani ndiyo basi, ameishia hapo.

"Ninalo la kusema," alirudia, pole pole, akisukuma kila neno kwa pumzi yake. "Lakini bwana, nimeoa. Nasubiri mke wangu amalize kwanza."

Kicheko kikaanzia kwa wanawake, kikapita benchi kwa benchi mpaka ukutani. Walicheka sauti au walicheka maneno, hakuna ambaye angeweza kusema, na mtu mmoja aliita "Redio!" kwa sauti ya kulia, na wengine wakaitikia, na meneja mlangoni akajishika kichwa kwa mikono miwili. Redio alibaki ameduwaa na maiki mkononi. Machozi yalimtoka, akayaacha.

Lakini filamu haimsubiri mtu. Mwenye Nyumba alishusha nyundo kidogo, akakunja uso, akafungua kinywa kujibu. Msusi aliinama juu ya mkono wa mumewe mpaka mdomo wake ukaifikia maiki. Sauti nzito ilimgomea. Ikatoka yake mwenyewe, ile ya nyumbani, inayotetemeka.

"Amemaliza," Mwenye Nyumba alisema. "Sema."

Mkono wa Redio ukarudi kwenye mashine. Akaishusha sauti ya filamu, akaishusha mpaka chini kabisa, na ukumbini ikabaki pumzi yake peke yake kwenye spika, ikijiandaa.