Kiti cha Mama Bwana Harusi

Dada yangu Bibiana alichanjwa chale usoni akiwa na miaka kumi, paji la uso na mashavu yote mawili, na kijiji kizima kikasema Newala haijapata msichana mzuri kama yule. Mimi nilipofikia umri huo mapadri walishapiga marufuku, nikabaki na uso mtupu. Wasichana wa rika la dada walinicheka, wakasema nimefanana na boga. Bibiana ndiye aliyekuwa akinifuta machozi.

Dunia ikageuka. Leo boga ndilo linalosifiwa, na chale za dada zinashangaza watoto sokoni Masasi.

Mwanawe Reginald, aliyesomeshwa kwa korosho alizobangua mama yake kwa mikono, alipotaka kuoa alikuja kwangu na kreti ya soda. Alizunguka weee, mwisho akanieleza kwamba wakwe wanaishi Dodoma, ni watu wa ofisini, na picha za ukumbini zitarushwa kwenye simu. Akaomba nikae mimi kwenye kiti cha mama mzazi. Dada angekaa nyuma, amejifunika uso kwa mtandio.

"Mama mdogo, wewe una sura ya kupiga picha," alisema.

Nilipaswa kumfukuza. Sikumfukuza. Niseme ukweli unaonichoma: nilifurahi, na wiki ile ile nikaenda kupima nguo.

Fundi cherehani ndiye aliyemwambia dada, akidhani anajua. Bibiana hakunigombeza. Alinyoosha mikono, akasema, "Getrude, unaona nini?"

Vidole vilikuwa vyeusi, laini, havina hata mstari. Mafuta ya maganda ya korosho yanaunguza ngozi, na yalikuwa yamekula vidole vyake miaka arobaini. Hata walipokuja kuandikisha vitambulisho kijijini, mashine haikusoma kitu.

"Kama yamefuta alama za vidole," alisema, "hizi za usoni yatazishindwa?"

Nilidhani ni uchungu tu unasema. Nikarudi kwangu kujaribu viatu.

Siku tatu kabla ya harusi alikinga mafuta ya maganda kwenye kifuu, akajipaka uso mzima. Mikono ilizoea kidogo kidogo kwa miaka. Uso haukuwa umezoea. Jirani alimkuta amevimba, malengelenge yametapakaa, macho hayafunguki. Tukamlaza hospitalini Mkomaindo. Reginald alisimama mlangoni mwa wodi, hakuingia, akasema kadi zimeshatoka na harusi haiahirishwi.

Basi nikakaa kwenye kile kiti.

Bibi harusi, Isabela, aliingia ukumbini amemshika mkono bibi yake mzaa mama, aliyetoka Kitangari. Uso wa yule bibi ulikuwa umejaa chale hadi kidevuni, na mdomo wa juu ulikuwa bado na tundu la ndonya, lile pambo la mti la zamani. Mshereheshaji aliomba wote tusimame kwa heshima yake. Simu zikainuliwa ukumbi mzima. Isabela akamketisha kando yangu, mbele kabisa, akambusu lile shavu lenye chale huku mpiga picha akisogea karibu. Nilimtazama Reginald. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba, akanichunguza uso kwa muda mrefu, halafu akaniuliza kwa Chimakonde kama mimi ndiye mama wa kijana. Nikajibu kuwa mimi ni mdogo wa mama yake.

"Mwenyewe yuko wapi?" alisema. "Nimesikia alichanjwa na fundi yule yule aliyenichanja mimi. Nimekuja nikae naye."

Nikasema anaumwa. Akauliza anaumwa nini. Nikajifanya muziki umenizidi, sisikii.

Bandeji zilitolewa Jumanne. Chale zote zilikuwepo, nyeusi kuliko zamani. Ngozi iliyozizunguka ndiyo iliyoondoka. Dada alinishika mkono, akauliza kama zimefutika, kisha akaomba kioo.

Nikamwambia sina. Nilikuwa nacho mkobani, kile nilichojitazamia siku ya harusi.